Saa ya Mzamiaji Asiyejua Kuogelea

Sijui kuogelea. Nalisema mapema, kabla hujanisikia nikitaja mita 200. Nimezaliwa Tanga, nyumba yetu haikuwa mbali na ufukwe, na baharini nimeingia mara nyingi tu, kila mara mpaka magotini. Maji yakifika hapo, hukumbuka kwamba nina shughuli nchi kavu.

Kwa hiyo siku nilipofika kijiweni na saa mpya mkononi, nikatangaza kuwa ni saa ya wazamiaji, jamaa mmoja aliweka kikombe cha kahawa chini akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona, "Unazamia meli lini?" Ikabidi nieleze. Mzamiaji ninayemsema si yule anayejificha kwenye shehena mpaka Ulaya, wala si yule anayeingia harusini bila mchango na kutoka na sahani mbili. Ni yule wa mbizi, mwenye miwani usoni na mtungi wa hewa mgongoni. Wakaitazama saa, wakanitazama mimi. Binamu yangu, ambaye riziki yake yote ni pweza na mbizi, aliipokea, akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma.

"Hii inakwenda mita mia mbili," akasema. "Na wewe, ndugu yangu, unakwenda ngapi?"

Kosa lilianzia kwenye filamu. Katika Dr. No ya mwaka 1962, Sean Connery ana Rolex Submariner mkononi. Niliiona filamu hiyo miaka mingi baadaye, kwenye kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao, na leo sikumbuki hata adui alikuwa anataka nini. Naukumbuka mkono. Baadaye nikasoma kwamba saa za ukoo huo zilianza mwaka 1953, pale Blancpain ilipowapatia wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa saa iitwayo Fifty Fathoms, yaani pima hamsini, pima hizihizi wanazopimia wavuvi wetu, kama mita 91 hivi. Submariner ikaja wakati huohuo. Seiko wa Japani wakaingia majini mwaka 1965 na ya kwao ya mita 150. Hizo ndizo saa za heshima. Submariner mpya leo ni bei ya kiwanja, tena kiwanja chenye hati. Yangu ni ya laki mbili na nusu, na inafanana na hao wakubwa kama mtu anavyofanana na baba mdogo: sura ileile, mfuko mbalimbali.

Tena imetengenezwa ionekane ya zamani. Kioo chake kimebinuka kama mgongo wa kobe. Vile vidoa vinavyong'aa gizani, ambavyo kwenye saa za miaka ile viligeuka rangi kwa uzee, kwenye yangu vimepakwa umanjano palepale kiwandani. Nilimweleza mke wangu kwa furaha kwamba uzee huo ni wa makusudi, watu huulipia. Alinitazama kuanzia kipara mpaka kandambili.

"Umeulipia?" akauliza. "Mbona hapa nyumbani tunao?"

Haina betri. Ndani kuna mashine ya Kijapani inayoitwa NH35, ambayo watengenezaji chungu nzima wa saa za bei nafuu huinunua na kuiweka kwenye saa zao. Mna kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Mkono ukitikisika nacho kinazunguka, na kikizunguka kinaikaza springi, na springi ndiyo inayoendesha kila kitu. Inapiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kila sekunde. Ina vito 24 vya yakuti ya kutengenezwa, ambavyo vyuma hujizungushia ndani yake visisagane. Hilo la yakuti nililitaja mezani kwa majivuno, na likanigharimu. Mke wangu alitaka mbili tu za hereni. Nilipomwambia kila moja ni ndogo kuliko punje ya ufuta, alisema basi, alijua tu kuwa kuna mahali nitatokea.

Sasa, saa inayokula mwendo inataka mtu wa mwendo. Mimi ni mtu wa mezani. Mkono wangu wa kushoto kazi yake ni kushikilia karatasi zisipeperushwe na feni. Ikishiba, NH35 inakwenda saa 41 bila kuvaliwa; nikiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumapili saa tano asubuhi imekata roho. Unaweza kuitia ufunguo kwa mkono, kweli. Lakini mtu aliyekwisha kutangaza mtaa mzima kwamba saa yake inajijaza yenyewe atakaaje barazani anaijaza?

Suluhisho nililiona Jumapili moja uani. Shemeji yangu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Tazama siku moja kwa makini mkono wa mtu anayekuna nazi: kifuu kinazunguka, kifundo cha mkono kinakwenda na kurudi, kru kru kru, bila kupumzika, mpaka kifuu kibaki kitupu. Hakuna mzamiaji wa jeshi lolote anayetikisa mkono namna ile.

"Shemeji," nikasema, "nisaidie kuvaa saa hii kidogo."

Hakuinua hata uso. "Mkono upi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Tulianza na wa kulia. Nazi mbili, za wali na za mchuzi wa samaki, na saa ikatoka pale imeshiba hasa, imelowa tui, ina chicha pembezoni. Nikaipangusa kwa kanga. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba: wikiendi saa inakwenda jikoni kazini, Jumatatu inarudi kwangu kupumzika. Baada ya wiki tatu shemeji alianza kutoza. Shilingi mia tano kwa nazi, na dafu halihesabiwi.

Kuna ile pete ya juu, inayozunguka kwa milio midogo, yenye pembetatu na dakika zake. Mzamiaji akizama anaiweka pembetatu mbele ya mshale wa dakika, kisha anasoma amekaa chini dakika ngapi ili hewa isimwishie. Mimi niliipatia kazi nyingine. Unajua sisi saa tunaitazama upande huu na kuitaja upande ule: mshale uko kwenye saba, tunasema saa moja, na hakuna anayeshangaa. Jioni moja nikaizungusha pembetatu mpaka chini, kwenye sita, na hapo nikaona maajabu. Ukianza kuhesabu kutoka kwenye pembetatu, saa moja inakaa mahali pa kwanza, saa mbili mahali pa pili, saa sita juu kabisa. Saa ya Kiswahili! Nilimwita mke wangu aje aone. Alisubiri nimalize kueleza.

"Na kabla ya leo," akauliza, "ulikuwa unasomaje?"

Nikaona bora niirudishe pete kwenye kazi ya dakika. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Pangani, nilijitolea kupika pilau mwenyewe. Sikukosea viungo, kitunguu kilikaangika kikawa na rangi yake, maji yalikauka vizuri. Nikapalia makaa juu ya mfuniko, nikaweka pembetatu mbele ya mshale: dakika 30, si zaidi. Kisha nikaenda sebuleni kumpa mama mkwe shikamoo ya pili na mazungumzo, mwanangu mdogo akiwa amenikalia pajani. Watoto wanaipenda pete ile kuliko pipi. Nilisikia kre kre kre, sikutilia maanani.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo lingenisaidia kama ningelijua mapema. Pete ya saa hizi inazunguka upande mmoja tu, kinyume na mishale. Imefanywa hivyo makusudi: ikigongwa kwa bahati mbaya kule chini, itakudanganya kwamba umekaa muda mrefu kuliko ulivyokaa, na wewe utatoka mapema, ukiwa hai. Haiwezi kukudanganya upande wa pili. Ni akili kubwa sana, na imeokoa watu. Ila aliyeibuni hakuwa na sufuria motoni. Mtoto alikuwa ameila robo saa nzima. Nilipotazama, saa ikaniambia dakika 30 zimetimia. Kumbe zilikuwa 15. Nikapakua.

Mama mkwe alitia tonge moja mdomoni, akatafuna muda mrefu kidogo. Sote tuliisikia ile sauti.

"Pilau ina harufu nzuri, mkwe wangu," akasema kwa upole. "Sasa ikamalizie kuiva, tutaisubiri."

Kuhusu kusema ukweli wa saa, nisifiche. Kiwanda chenyewe kinaruhusu NH35 iende mbele hadi sekunde 40 kwa siku, au ichelewe hadi 20. Yangu inakwenda mbele sekunde 20, ambazo kwa mwezi ni dakika 10. Mwanangu mkubwa ana ile Casio nyeusi ya plastiki, F-91W, ya aina iliyotoka tangu 1989, na hiyo haipotezi wala kuongeza zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi mzima, kwa betri ya miaka saba. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule ananiuliza, "Baba, yako inasemaje?" Sipendi anavyouliza.

Lakini dakika 10 ni za kuvumilika. Tarehe ndiyo iliyoniaibisha. Wiki ambayo shemeji alikwenda kwao, nazi hazikukunwa, saa ikafa. Niliirekebisha asubuhi, mishale ikakaa sawa kabisa na simu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mle ndani saa haina habari ya jua: mimi niliipa saa nne ya asubuhi, yenyewe ikajua ni saa nne ya usiku. Tokea hapo ikawa inabadili tarehe saa sita mchana. Nami ndiye mhazini wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, na vikao vyetu ni saa kumi alasiri.

"Mhazini," mwenyekiti akasema siku ya tatu, ameshika kitabu cha risiti, "leo ni tarehe 14. Hizi hapa za tarehe 15, fedha zake ziko wapi?"

"Fedha zipo," nikajibu. "Ni tarehe ndiyo haijafika."

Shangazi yangu, ambaye husikia vizuri pale tu anapotaka, alisema kutoka kwenye mkeka kwamba kamati imehangaika kuweka vijana mlangoni wazuie wazamiaji, kumbe mzamiaji ndiye aliyepewa sanduku la fedha.

Usiku uleule nikaamua kulimaliza. Kile kijiskurubu cha ubavuni, ambacho kwa kawaida hubanwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, nikakifungua, nikakivuta, nikaanza kuipeleka mishale mbele. Ndipo ikapigwa kelele ambayo Mswahili yeyote wa mjini akiisikia huacha hata sala ya sunna:

"Maji yametoka!"

Yalikuwa hayajaonekana kwa siku nne. Nilivaa saa, nikakamata ndoo. Kila mtu alikimbia na chombo chake. Nilijaza ndoo, madumu, mabeseni, mwisho nikaliwekea mpira pipa la uani, lile la bluu. Likajaa, na kata ikanichomoka ikazama mpaka chini. Nikaingiza mkono wa kushoto mpaka begani, nikapapasa, nikaipata. Yaani nilizama kadiri ninavyoweza kuzama. Nilipoutoa mkono nikakiona kile kijiskurubu, kimejitokeza nje kama ulimi wa mtoto anayekudhihaki, na nyuma ya kioo ukungu mweupe unapanda taratibu kutoka kwenye sita kwenda kwenye tisa.

Pipa lile ni la lita 200.

Asubuhi nikaenda kwa fundi saa, Ngamiani. Ni mzee, ana kameza kenye kioo na kidude cha kukuzia kinachokaa jichoni kama kimeota pale. Nilimwamkia, nikampa saa, na nikafanya jambo ambalo hata sasa sijui nililifanyia nini.

"Nilikuwa baharini, mzee. Napiga mbizi."

"Mh," akasema. Akafungua mfuniko wa nyuma, tone likadondokea kwenye karatasi. Akainusa. "Bahari siku hizi inatiwa dawa ya maji?"

Nikanyamaza. Akachukua kijiti cha meno, akakipitisha taratibu chini ya ile pete, kuizunguka yote, akakitoa na kitu cheupe nchani. Akakisogeza kwenye mwanga, akakivua kile kidude cha jichoni, akaniangalia kwa macho yote mawili.

"Na nazi hii, mwanangu, uliikuta huko huko chini?"

Alisema inapona, ila nimwachie wiki moja aikaushe na kuitia mafuta upya. Akakata kikaratasi, akakifungia uzi kwenye mkanda, akaandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, bila haraka. Nikasoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wangu wa meza:

SAA YA KUZAMIA. TATIZO: IMEZAMA.