Ughaibuni wa Kutembea kwa Miguu

Mtu akihamia Muscat au Minnesota, ndugu humsindikiza hadi uwanja wa ndege wakilia. Akijifungua huko hupigiwa simu za pole: maskini mwenzetu, hana wa kumkanda, hana wa kumpikia uji. Mimi nilihama Tunduma kwenda Nakonde. Ni nchi nyingine kabisa, ina rais wake, bendera yake na fedha yake, ila nikisimama uani kwangu naona mabati ya Tunduma yaking'aa juani. Hakuna aliyelia. Shemeji yangu alibeba godoro kichwani, akalifikisha, akarudi kwake kula chakula cha mchana.

Ughaibuni wa karibu una taabu zote za ughaibuni isipokuwa huruma. Aliyeko Minnesota hutuma picha ya kichanga, watu wakasema masha-Allah, wakaendelea na shughuli zao. Kwangu walikuja wenyewe. Walipita asubuhi wakienda kununua bidhaa, wakapita jioni wakirudi, na kwa kuwa mgeni haondoki kwa mzazi na tumbo tupu, mzazi nikawa mama lishe.

Tulihama kwa sababu baba watoto ana duka la vipuri vya malori, na malori hapa hayaishi: shaba inateremka kwenda bandari ya Dar es Salaam, mafuta yanapanda. Hilo nililijua. Nililolichukulia kijuujuu ni kwamba Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kwenye ramani ni jambo dogo. Kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka miwili na mwingine mchanga, ni balaa.

Simu yangu sebuleni hukamata mnara wa Tanzania, jikoni hukamata wa Zambia. Kila nikivuka mlango inajirekebisha saa na kuniletea ujumbe wa kunikaribisha nchini. Nakaribishwa Zambia nikienda kuchemsha maji, nakaribishwa Tanzania nikirudi na chupa ya chai. Usiku mmoja nilimaliza kumnyonyesha mdogo sebuleni saa nane kamili. Nikambembeleza, nikambadilisha nepi, nikambembeleza tena, nikaenda jikoni kuinjika maji, nikatazama simu: saa nane kamili. Saa nzima ya uhai wangu imekwenda, na hakuna serikali inayokiri kuichukua.

Baba watoto ameshazoea, tena amezoea kwa faida yake. Kurudi nyumbani hurudi kwa saa za Zambia, ndiyo maana hachelewi. Kula anakula kwa saa za Tanzania. Mkubwa akiamka saa kumi na moja alfajiri akidai chai, namtikisa baba yake: "Baba watoto, mwanao kaamka." Ananijibu macho yamefumba: "Huku bado saa kumi."

Mkubwa mwenyewe hana nchi. Huamka kwa saa za Tanzania, hulala kwa saa za Zambia, na ile saa ya ziada anaitumia kumfinya mdogo wake. Simlaumu sana. Aliahidiwa ndugu wa kucheza naye, akaletewa kitu kinacholala mchana, kinacholia usiku, na kimekalia ziwa ambalo hadi juzi lilikuwa mali yake. Alivumilia kwa kuamini kuwa ni mgeni kama wageni wengine. Jioni moja, wenzake walipokuwa wanaaga, akaenda kumchukulia kofia na kuuliza kwa nini huyu harudi Tunduma.

Kisha akaja mama yangu. Mama ni mtu wa Vwawa, mji ambao ni makao makuu ya mkoa tangu Songwe imegwe kutoka Mbeya mwaka 2016, na tangu hapo anatembea kama mtu mwenye makao makuu. Alileta ulezi, kuku, na saa ya mkononi ambayo alikataa katakata kuirudisha nyuma. "Nije nikulelee mtoto, halafu ninyang'anywe na saa?"

Siku ya kumpeleka mdogo kupimwa uzito, alituamsha mapema ili tuwahi saa mbili. Tukawahi. Mlinzi wa kliniki alikuwa anafagia majani. Mama akaanza kumsomea kuhusu uvivu wa wauguzi wa siku hizi. Yule kijana akainama, akapiga makofi ya taratibu kama watu wa huku wanavyowasalimia wakubwa, akamweleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba ni saa moja. Mama akatazama saa yake, akatazama jua, akaamua kwamba jua limechelewa.

Yale makofi mkubwa aliyadaka hapohapo. Huyu ni mtoto ambaye Tunduma alikuwa akiambiwa asalimie, anajificha kwenye kanga yangu. Sasa akawa anachuchumaa na kumpigia makofi kila mtu: bibi yake, jirani, mbuzi wa jirani, lori la tangi. Mama alipiga simu Vwawa kusifu malezi ya Zambia. Alizipunguza sifa siku baba watoto alipoteleza na sufuria la uji, na mwanawe akachuchumaa kumpongeza.

Marufuku ya mama ilikuwa moja: mimi na mdogo tusivuke mpaka kabla ya arobaini. Kwao kichanga havushwi mto. Baba watoto akasema hapa hakuna mto, kuna lami na polisi. Mama akasema mto ni kitu kinachomtenga mtu na kwao, na kama baba watoto haamini, ajaribu kuuvuka bila karatasi. Ikaamuliwa karamu ya arobaini ifanyike Nakonde, na wao wawili, pamoja na mkubwa, wakafuate mchele wa Kamsamba Tunduma.

Kilichotokea mpakani naunganisha kutoka kwa mama, baba watoto, na mama muuza mihogo, ambao hawaafikiani. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa na Marais Magufuli na Lungu tarehe 5 Oktoba 2019. Siku hizi anayeingia Tanzania humalizia taratibu za nchi zote mbili upande wa Tunduma, na anayeingia Zambia humalizia upande wa Nakonde, ili foleni ipungue. Mpango mzuri. Ila haukumfikiria mtoto aliyenyimwa soda. Mkubwa alijilaza chini katikati ya nchi mbili, mzito kama kile kimondo cha chuma cha Mbozi. Dereva wa lori la shaba akazima injini na kuwasha sigara. Wabadilisha fedha wakasogea na mabunda yao. Waliotoka Tunduma wakashauri achapwe, waliotoka Nakonde wakashauri anunuliwe soda.

Mama akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya kwacha elfu hamsini, akiba yake ya enzi alipokuwa akiuza mchele Nakonde. Umati ukanyamaza kwa heshima. Mkubwa akaipokea, akainuka, akapiga makofi, akatembea. Mbadilisha fedha mmoja akamsogelea mama na kumnong'oneza kwa upole kwamba Zambia ilifuta sifuri tatu Januari 2013 na noti zile zilishaondolewa, kwa hiyo alichompa mtoto ni picha tu. Mama akamuuliza: "Kainuka, hakuinuka?"

Karamu tuliitangaza saa saba mchana. Sikusema saa saba ya nani. Wa Tunduma walifika kwa saa zao, wakala pilau, wakamshika mdogo mmoja baada ya mwingine, wakamkuta anafanana na kila mmoja wao. Tulipokuwa tunasuuza sahani, majirani wa Nakonde wakaingia na vitenge vyao vizuri, wamewahi kabisa, saa saba kamili. Mama akaagiza sufuria la pili libandikwe. Wa Tunduma, waliokuwa wameshaaga na kuvaa viatu, wakasikia harufu ya kitunguu kikianza kukaangwa. Shemeji yangu akawa wa kwanza kuvua viatu. Akarudi mkekani, akakunja mikono ya shati, akatutangazia kwamba kwa saa za Zambia yeye bado hajala.