Furu wa Ughaibuni

Ukitafuta furu adimu wa Ziwa Victoria, usihangaike kushuka mwalo wa Kirumba, Mwanza. Pale utaonyeshwa sangara, dagaa na mapanki mpaka macho yachoke. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 ili tushibe. Naye akashiba kwanza. Furu wa mamia ya aina wakapungua, wengine wakatoweka kabisa. Baadhi ya walionusurika wako Ulaya na Marekani, kwenye matangi ya vioo yenye hita na taa, wanabadilishiwa maji kwa ratiba (Mwanza kuna mitaa inayosubiri heshima hiyo). Kwa hiyo, ndugu mfugaji wa kandokando ya ziwa, samaki wa kwenu agizia ng'ambo, na uandae nauli ya ndege. Yake, si yako.