Lakini Kuna Kigali

Kila mwendesha baiskeli wa Kigali ana adui wa kusingizia, naye ni gari. Muulize kwa nini alishuka akasukuma pale Kimihurura, atakwambia basi lilimbana. Muulize alikuwa anafanya nini chini ya mti, anahema, jasho linamtiririka, atakwambia alikuwa anapisha lori. Ndiyo maana mimi naiogopa Jumapili ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Siku hizo, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, jiji hufunga barabara zake kubwa, magari yakakaa kando, na lami ikabaki ya watembeaji, wakimbiaji na sisi wa magurudumu mawili. Utaratibu huu ulianza Mei 2016, kwa nia njema kabisa ya kuwafanya watu wafanye mazoezi na wapime afya zao. Sijui kama kuna aliyekumbuka kwamba gari likiondoka, wanaobaki ni wewe na mlima.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kututembelea kutoka Tanga. Anayeijua Tanga anajua ule ni mji wa baiskeli. Mtu anakwenda sokoni kwa baiskeli, msikitini kwa baiskeli, harusini kwa baiskeli, mkewe amekaa upande kwenye keria na mwavuli mkononi. Na mji wenyewe uko ufukweni, umetandazwa, mlima wake mkubwa ni tuta la barabarani. Shemeji aliposikia kuna siku Kigali haina magari, hakulala.

"Shemeji, hiyo raha iliyoje! Hakuna gari!"

"Hakuna gari, shemeji," nikamjibu. "Lakini kuna Kigali."

Hakunisikia. Yeye alikuwa ameshaiona Kigali kwenye runinga, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza. Wiki ile shule zilifungwa, watumishi wa umma wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani, barabara zikaachiwa wanaume na wanawake wenye mapaja ya ajabu. Alimwona Tadej Pogačar akivuka mstari peke yake, akaona ni jambo jepesi. Hesabu hakuziona. Siku ile ya mwisho wanaume walikwenda kilomita 267.5, na ukijumlisha vilima vyote walivyopanda unapata mita 5,475, pungufu kidogo tu ya kutoka ufukweni Tanga mpaka kileleni Kibo. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30. Waliobaki, watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, waliona bora yaishe.

"Hao hawajazoea jua," akasema shemeji.

Nikamwazimia baiskeli ya jirani, chuma kitupu, gia moja, keria ya kubebea gunia la viazi. Alifurahi mno. Akasema sasa hii ndiyo baiskeli, si hizo zenu za kitoto. Yangu ina gia nyingi, ingawa zinazokubali kuingia ni chache, na zinaingia kwa wakati zinaoutaka zenyewe.

Tulianzia Biryogo, kwenye ule mtaa uliopakwa rangi ambao magari yalishapigwa marufuku tangu 2021 ili watu wanywe chai katikati ya barabara. Pale Kiswahili kinasemwa bila kuomba ruhusa, kwa hiyo shemeji alipata wasikilizaji. Aliwasimulia Tanga. Akala chapati, akaongeza nyingine, akaongeza mayai. Mzee mmoja wa meza ya pili akamtazama, akaitazama baiskeli, akaniuliza mimi kwa upole: "Huyu mgeni mnampeleka wapi?"

Kutoka mjini kwenda bondeni ni mteremko, na mteremko wa Kigali ni mtamu mno kwa asiyejua kwamba atadaiwa. Shemeji aliachia. Alikuwa anaimba. Tatizo la kwanza ni kwamba Tanzania hushika kushoto na Rwanda hushika kulia, na barabara tupu haimkumbushi mtu. Tatizo la pili lilikuwa likipanda kutoka bondeni: kikundi cha wakimbiaji, fulana za rangi moja, wanaimba, wanapiga makofi kwa mpigo, wameujaza upande wao wote, ambao shemeji alikuwa ameuchukua. Akakamata breki. Breki za jirani hazisimamishi baiskeli, zinaitangaza tu. Ulitoka mlio wa mbuzi aliyekanyagwa, kikundi kikapasuka katikati, nusu huku nusu kule, na shemeji akapita kati yao miguu ameitanua, anasema "Samahani! Samahani! Asanteni!" Wale watu hawakukatiza wimbo. Kwa haki kabisa, nidhamu ya wakimbiaji wa Kigali ni ya kijeshi.

Kisha ukaja upande wa pili wa bonde. Kuna barabara ya mawe ya Kimihurura ambayo wale mabingwa waliipanda mzunguko baada ya mzunguko: kilomita 1.3, mwinuko wa wastani asilimia 6.3. Shemeji alisisitiza tupite hapohapo alipopita Pogačar. Nusu ya njia akanyamaza. Mtu wa Tanga akinyamaza ujue hewa imekwisha, na hapa kwetu, takribani mita 1,500 juu ya bahari yake, hewa yenyewe ni ya kugawana.

Kijana mmoja wa kubeba abiria kwa baiskeli, hawa tunaowaita wanyonzi, alikuwa anasukuma yake mbele yetu. Siku za kazi wapo wanaojishika nyuma ya lori na kuvutwa mpaka juu, jambo la hatari na lililokatazwa. Shemeji akamuuliza mbona na yeye anatembea. Kijana akajibu kwa huzuni: "Leo hakuna lori."

Mtoto aliyekuwa anashuka na mama yake alimwona shemeji ameegemea usukani, akamwambia, "Ihangane, muzehe," maneno ambayo huku humpa pole hata mfiwa.

"Anasema nini?"

"Anakusalimu."

Juu kulikuwa na meza ya kupima afya bure. Shemeji akaiendea haraka, kwa sababu palikuwa na kiti. Muuguzi akamfunga ule mkanda mkononi, akausoma, akaufungua, akaufunga mkono wa pili. Kisha akaniuliza mimi, si yeye, kama tumekuja na mtu mwingine wa familia. Akaamuru akae nusu saa bila kuongea. Kuhusu kuongea nilimwonya kwamba haitawezekana.

Tulipoinuka, saa nne ikagonga, vizuizi vikaondolewa, gari la kwanza likatokea. Sijawahi kuona mtu akilipokea gari kwa furaha namna ile. "Shemeji!" akasema, ameshashuka, baiskeli ameilaza kwenye majani. "Magari hayo! Tuyapishe." Tukayapisha mpaka karibu adhuhuri.

Jioni nilimsikia akiongea na mkewe kwa simu. Barabara nzuri sana, alisema, safi, hamna hata karatasi, ila magari yalitusumbua kidogo.

Kwa kumwonea huruma nikamweleza habari za Nyandungu, hifadhi ya ardhi oevu iliyofunguliwa 2022, ambako kuna njia za baiskeli tambarare, ndege na vivuli. Akasema hapana, hizo ni za watoto. Ameshazungumza na vijana wa Biryogo, wamemwambia kuna njia iitwayo Congo Nile Trail, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, magari machache, unafuata ufuko wa Ziwa Kivu muda wote.

"Ufukweni, shemeji," akasema, akijipakulia wali kwa mara ya tatu. "Si itakuwa tambarare?"

Dada yake akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia aulize tena vizuri.