Huku Wanatamka Wasichoandika

Shangazi,

Gisenyi kwema. Goma, wanakosema Kiswahili, iko hapo ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo sokoni Kiswahili changu kinatosha na chenji inarudi. Taabu ni mabango ya Kinyarwanda. Macho ya Tanga yanasoma silabi moja moja, ba, be, bi, kama tulivyokaririshwa darasa la kwanza. Huku ukisoma hivyo unachekwa na watoto. Wameandika Rwanda, wao wanasema kama "Rgwanda". Wameandika umwana, mdomoni linatoka kama "umng'wana". Sauti hiyo ya ziada haiko kwenye bango, wala haimsumbui mtu: jicho la mwenyeji linalibeba neno zima, mdomo unamalizia.

Na jicho likishazoea sura ya neno, hata serikali hailiwezi. Mwaka 2014 ulitoka mwongozo mpya wa tahajia: umujyi, yaani mji, uandikwe umugi. Matamshi yale yale, hakuna aliyenyang'anywa sauti. Kelele zake sasa! Na mpaka leo Kigali inajiandika Umujyi.

Binti wa jirani, mgonjwa wa tamthilia za Kikorea, amejifundisha maandishi yao kwenye simu. Herufi zao hazipangi foleni. Silabi nzima inarundikwa ndani ya kijisanduku kimoja. Akaniandikia Kivu, ziwa la hapa, kwa visanduku viwili, nikamwambia anisomee: "Kibu". Hawana v, masikini. Kisha akanionyesha neno lao la bei, 값. Ndani mna k, a, p na s. Likiwa peke yake linatamkwa "kap". S imekaa tu, mpaka ifuatiwe na irabu ndipo inaamka. Kanuni zao za 1933 ndizo zilizoshikilia hivyo, neno libaki na sura yake msomaji alitambue hata sauti ikigeuka.

Kwa hiyo Wakorea wanaandika wasichotamka, Wanyarwanda wanatamka wasichoandika. Sisi tunajigamba kwamba tunaandika tunavyosema, na wajukuu zako wanaandikiana "xaxa" na "cjui" usiku kucha na wanaelewana vizuri tu.

Ila ujumbe wako wa juzi, "ntmie sm", umenishinda. Simu? Samaki? Sumu sikuifikiria sana. Nimekutumia sambaza wakavu wa Kivu, ambao ni dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika waliohamishiwa huku miaka ya 1950. Kama ulitaka simu, andika tena, safari hii na irabu zake.