RAM Mbovu Itunzwe

Mji huu una ukarimu wa sifa. Tunasifia daladala inayokimbia, tunasifia mvua inayovunja mkutano, na hata mgao wa umeme ulipata mashabiki wake kwa sababu ulitulaza mapema. Lakini sijasikia mtu wa Mwananyamala wala wa Tandika akisimama kuisemea RAM mbovu, kile kijiti cha kumbukumbu ndani ya kompyuta, neno jema. Naomba kipaza sauti.

Nianze na unyenyekevu wake. Diski ikitaka kufa hugonga ndani mpaka jirani ajue. Pawa saplai ikiungua hunuka chumba kizima. RAM mbovu haina makuu: kompyuta inawaka, muziki unalia, barua zinachapwa. Siku skrini ikigeuka bluu, sifa zote inawaachia wengine. Fundi wa kwanza atasema virusi. Wa pili atasema ni umeme wa kwako. Wa tatu hasemi kitu, anapiga Windows upya na kupokea chake. Watatu wamekula, na aliyewalisha yuko kimya ndani ya tundu lake. Tajiri gani wa Kinondoni ametoa ajira kwa siri namna hiyo?

Mtu mmoja tu ndiye huonyeshwa kipaji chake chote, naye ni yule anayejenga mfumo endeshi mwenyewe kutoka kwenye msimbo asilia. Anapakua FreeBSD au Gentoo kwa bando la usiku, halafu anaiamuru mashine ikompaili. Kazi hiyo hula saa nyingi. Kompaila inapitia maelfu ya mafaili na kuijaza kumbukumbu vielekezi, kila kimoja kikishika anwani ya kitu kingine. Hapo ndipo ubingwa unapoonekana. Kijiti cha gigabaiti 8 kina biti zaidi ya bilioni 68. Zote zinatii, moja imegoma, na hiyo moja ndiyo inayosikilizwa. Ushirika gani umewahi kumheshimu mwanachama mmoja kiasi hicho?

Msidhani biti moja ni kitu kidogo. Katika namba ambazo kompyuta hutumia kwa herufi, p na t zimetengana kwa biti moja tu. Kijana wa Temeke akiandika “nakupenda”, biti hiyo ikapinduka, mpenzi wake atasoma “nakutenda”, na hapo hakuna fundi atakayeokoa kitu. Kwenye kielekezi madhara ni ya haraka zaidi: kompaila inatumwa kwenye anwani isiyokuwepo, mfumo unaikata kwa ishara namba 11, na kazi ya tangu magharibi imemwagika.

Wenye kijicho huiita mwongo. Mimi naiita shahidi, ila ushahidi wake umo katika kutorudia kauli. Kosa likisimama kila mara kwenye faili lilelile, mstari uleule, mshuku aliyeandika msimbo. Lakini leo likitokea hapa na kesho kule, na ukianza tena mashine inapita palepale ilipofia jana kana kwamba hapakuwa na kitu, basi mshuku chuma. Watu wa Linux waliishika kanuni hiyo tangu miaka ya 1990. Nikiri kuna waigizaji: prosesa iliyozibwa na vumbi na pawa saplai iliyochoka huweza kuiga mtindo huu vizuri sana. Tuwatunze kidogo, lakini bwana harusi ni mmoja.

Tena inalijua jua la Dar. Kila seli yake hushika chaji ndogo inayovuja, nayo hujazwa upya ndani ya milisekunde 64. Joto likipanda, uvujaji unaongezeka. Chumba cha bati cha Mbagala, saa nane mchana mwezi wa Februari, ni jukwaa lake. Alfajiri inakuwa mcha Mungu, na mwenye mashine anaapa kwamba imepona.

Haikosi nasaba pia. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alizidishiwa kura 4096 na kompyuta, na wachunguzi hawakupata maelezo bora kuliko biti moja iliyopinduka yenyewe. Kwingine kazi hiyo huhitaji kamati nzima.

Kuikamata kuna adabu yake. Programu ya Memtest86, iliyoandikwa na Chris Brady mwaka 1994, huwaka kutoka kwenye flashi bila mfumo wowote, ikaandika sifuri na moja kila pembe ya kumbukumbu na kuzisoma tena. Iachwe usiku kucha, kwa sababu mzunguko mmoja safi hauthibitishi usafi. Uniti za LUKU zikiisha saa tisa usiku, mshtakiwa ameachiwa huru. Pakikucha na makosa mekundu kwenye skrini, chomoa kijiti kimojakimoja upime kila kimoja peke yake. Na kabla hujahukumu, futa meno yake yaliyopakwa dhahabu kwa ufutio wa penseli, maana vumbi na hewa ya chumvi huzuia mguso. Ndicho kifaa pekee cha uchunguzi wa kompyuta kinachouzwa kwa Mangi.

Linux ina huruma zaidi: unaiandikia GRUB, programu inayouwasha mfumo, anwani zilizoharibika, mfumo unazikwepa, na kijiti kinabaki kazini. Asiye na muda hukibadilisha tu. Hata hivyo hakitupwi. Kinarudi dukani, kinapanguswa, kinatiwa kwenye mashine nyingine mbele ya mteja.

“Mzima kabisa, bosi. Si umeona mwenyewe imewaka?”

Imewaka kweli. Na kwa kuwa mteja ni mwenye saluni anayetaka kupiga Bongo Fleva, watakaa pamoja miaka mingi bila ugomvi.