Kobe Aliyeshtakiwa kwa Kunyamaza

Hapo kale, zama ambazo malori ya Mombasa yalikuwa yakituama Salama kupumzisha madereva kabla ya kuikabili njia ya Nairobi, palikuwa na ufalme wa wanyama ulioendeshwa kwa kamba. Haukuwa na tarishi wala mpiga mbiu. Ulikuwa na nyuzi mbili tu zilizosokotwa pamoja, ufundi ulioanza kubuniwa Ujerumani mwaka 1983, na kila mnyama alizishika kwa ukucha wake. Nyati aliyeuvuta ufalme, Kobe aliyezuia miguu isiteleze mteremkoni, Kimulimuli mwenye taa, na Kasuku aliyekaa mbele ya mfalme kumsomea habari, wote walisemea hapo. Alilosema mmoja lilisikiwa na wote, kila mnyama akaokota linalomhusu.

Sheria zao zilikuwa za ajabu, na yapo mabaraza ninayoyajua ambayo yangefaa kuziazima. Neno moja halikuzidi punje 8. Wawili wakianza kusema pamoja, mwenye nambari ndogo aliendelea pasipo kukatizwa, na mwenye nambari kubwa alikomea papo hapo, akangoja zamu bila kununa. Tena mwenye kukosea kila mara alijihesabia makosa mwenyewe, na hesabu ilipovuka 255 aliiachia kamba bila kusukumwa na askari. Kila mwisho wa kamba paliwekwa jiwe la kumeza mwangwi, uzito wake 120, na kwa hesabu ya kamba ile mawe mawili yakipimwa kwa pamoja hutoa 60.

Siku moja Kasuku aliwasha taa ya manjano, akatangaza: "Kobe hasikiki." Mfalme akamwita Fisi, mganga mwenye kioo cha kusomea maradhi, naye akakiinua kioo, akakohoa, akasoma yale yale aliyosema Kasuku, akatoza ada. "Kobe amekufa, Mtukufu. Na anunuliwe mwingine bandarini." Kobe mpya akaletwa, akafungwa, naye asisikike. Basi ni Nyati, akasema Fisi, na Nyati akabadilishwa; kisha Kasuku mwenyewe, kwa kosa la kuleta habari mbaya. Kila kichwa kipya kilipofungwa taa iliendelea kuwaka, ada ikaendelea kulipwa, na waheshimiwa wa baraza wakasifu ukali wa tiba.

Mzee Nungunungu, asiye na kioo, alingoja wote walale, akazipima nyuzi, akapata 120. "Jiwe moja limetengwa nasi," akanong'ona, akaifuata kamba kwa vidole hadi chini ya mkeka wa mfalme, akakuta uzi mmoja umetafunwa na panya, hatua chache kabla ya kumfikia Kobe. Kobe alikuwa akisema muda wote. Mzee akauunga uzi, akausokota upya, taa ikazimika.

Fisi hakurudisha hata senti. Kobe wa kwanza, mzima siku zote, alikwisha kuuzwa Sultan Hamud kwa bei ya chuma chakavu, kwa kilo.