Msafara wa Mama

Eda ya mama ilikwisha, lakini mama hakutoka ndani. Miezi minne na siku kumi ilipotimia, tulitarajia arudi barazani, arudi kwenye kikoba chake, agombane na wauza samaki wa asubuhi. Badala yake alikaa ukingoni mwa kitanda, na usiku tulimsikia akitembea. Akaacha wali, akaacha hata chai. Zahanati wakapima malaria: hakuna. Mganga wa pale akamuuliza maswali machache, akaandika rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili, hospitali ya mkoa.

Karatasi ile ilitikisa nyumba. Shangazi aliisoma mara mbili, akaketi chini na kulia. "Wifi yangu hatapelekwa Mirembe." Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili, iko Dodoma tangu 1927, na vizazi kadhaa vimekua vikisikia jina lake likitajwa kama tusi. Kwetu Tanga kwenyewe watu wana hospitali nyingine kama hiyo, Lutindi, kule milimani Usambara. Rufaa haikutaja hata mojawapo kati ya hizo, lakini hofu haisomi karatasi. Kikao cha usiku kikaamua kwamba mama akilazwa, asilazwe peke yake. Asubuhi zikapakiwa bajaji mbili: ndoo, mkeka, mashuka, chupa ya uji, shangazi, kaka, mdogo wangu, mimi, na mama katikati, kimya.

Tukaingia sote. Chumbani hapakuwa na kamba wala sindano, palikuwa na meza, viti na daktari wa kike aliyeanza kwa kumuuliza mama angependa aitwe nani. Shangazi akajibu. Usingizi ukoje? Kaka akajibu. Chakula? Mdogo wangu akaeleza mpaka habari ya ule wali. Daktari akasikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mama: "Mwalimu, toa saba kwenye mia, halafu uendelee kutoa saba."

Mama amefundisha hesabu shule ya msingi maisha yake yote ya kazi. Akasema tisini na tatu. Akasema themanini na sita. Kisha akanyamaza, akitazama vidole vyake.

"Sabini na tisa!" Shangazi alishindwa kuvumilia.

Daktari akainua mkono taratibu. Akaeleza kwamba hapimi elimu ya mtu, anataka kuona fikra zinashika kwa muda gani kabla hazijateleza, na kuteleza kule kwenyewe ni habari anayoihitaji. Akatuomba tumwambie tulichokiona kwa macho yetu: hali ilianza lini, nani katika ukoo aliwahi kuugua hivi, anatumia dawa gani. Hapo shangazi akatoa kwenye mkoba chupa ya mizizi aliyokuwa akimchanganyia mama kwenye maji kila jioni. Hakukemewa. Daktari aliandika jina la mti na kipimo, kwa sababu mitishamba mingine hugombana na dawa za hospitali, na daktari asiyeambiwa huandika dawa gizani.

Kisha akamuuliza mama: "Ungependa wabaki, au watoke?"

"Watoke," mama akasema.

Tukatoka na ndoo yetu. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Aliambiwa kwamba siri zake zitatunzwa, isipokuwa pale uhai wa mtu utakapokuwa hatarini. Aliulizwa juu ya baba, juu ya pesa, juu ya sauti au vitu ambavyo wengine hawavisikii wala kuviona. Akaulizwa waziwazi kama amewahi kutamani kufa. Shangazi alipopata habari ya swali hilo alikasirika: si ndiyo kumfundisha mtu? Sivyo. Kuuliza hakupandi wazo hilo, na aliyekwisha kulibeba hupata mahali pa kulitua. Mama alijibu ndiyo: usiku mwingine alimwomba Mungu amchukue amfuate mumewe, ingawa hakuwahi kupanga lolote. Nyumba yetu imejaa watu wanaompenda, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Hakulazwa. Alipewa vipimo vya damu, kwa kuwa upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huweza kufanana na sonona. Akaandikiwa fluoksetini, kidonge kimoja kila asubuhi. Tuliambiwa nafuu huja kwa majuma, haiji kwa siku, kwamba kichefuchefu cha mwanzoni mara nyingi hupita, na kwamba asiache dawa ghafla akijisikia vizuri. Mizizi isimame kwanza. Arudi baada ya wiki mbili.

Ugomvi mpya ukaanzia kwenye bajaji: nani atunze vidonge? Kaka alitaka viwe kwake, shangazi akadai funguo za kabati ni zake. Mama alivichukua, akampa mdogo wangu, kwa kuwa ndiye anayeamka mapema bila kuitwa. Kuhusu safari ya pili alisema ataandamana na shangazi, ila chumbani ataingia peke yake, na shangazi ataitwa akihitajika.

Shangazi aliuliza kama aje na uji. Mama akasema aje nao, safari hii autie tangawizi.